Nimetuni injini, sasa klachi inateleza: nimlaumu nani?

Swali

Shikamoo fundi. Nina Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, gia tano za mkono, naishi Dar. Miezi miwili iliyopita jamaa mmoja aliitia programu mpya kwenye kompyuta ya injini, akabadili eksozi yote na kupandisha busti ya turbo, yaani presha ya hewa inayoingia kwenye injini. Akaniambia gari imetoka nguvu ya farasi 250 imefika 280, na toki sasa ni Nm (Niutoni mita) 420. Kweli ilikuwa inaruka. Wiki tatu baadaye nikiwa naelekea Iringa, pale mlima wa Kitonga, nilikuwa gia ya nne nikakanyaga mafuta. Mshale wa mizunguko ukaruka kutoka 3500 hadi 5000 lakini mwendo haukuongezeka, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Tangu siku ile inateleza hata barabara tambarare. Aliyetuni anasema klachi ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Fundi wangu wa mtaani anasema programu ndiyo iliyoua klachi, na ananishauri nifunge klachi ya mashindano, ile ya vidonge, niachane na shida. Nimsikilize nani?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Kila mmoja amekupa nusu ya ukweli. Ushauri wa klachi ya vidonge nitaufikia, kwa sasa usimpe mtu pesa.

Tuanze na jambo ambalo wauza nguvu hawapendi kulieleza: klachi haijui farasi. Inachobeba ni toki, yaani ule msokoto ambao injini inausukuma kwenye giaboksi. WRX ya soko la Japani ya umri wa gari yako ilitoka kiwandani na farasi 250 kwenye mizunguko 6000 kwa dakika, na toki ya Nm 333 kwenye mizunguko 3600. Sasa piga hesabu. Ukizipata farasi 280 kwenye mizunguko 6000, toki inayohitajika pale ni Nm 328 hivi, pungufu ya ile ya kiwandani. Kwa hiyo farasi 30 ulizoongezewa peke yake hazina ubaya wowote kwa klachi. Kinachoisumbua ni zile Nm 420, ambazo turbo ndogo ya gari hiyo inazimwaga mapema, kwenye 3400 au 3500. Tazama ulichoandika mwenyewe: mshale uliruka ukianzia 3500.

Klachi nayo ina uwezo wake, na unahesabika. Nitakupa tarakimu za mfano, si za gari yako hasa, lakini haziko mbali na klachi za ukubwa huo. Chukua diski ya milimita 230 kwa nje na 150 kwa ndani. Wastani wa nusu kipenyo chake ni milimita 95. Presha pleti, sahani ya chuma yenye springi, inaibana kwa nguvu ya Niutoni 7500, sawa na mzigo wa kilo 765 hivi. Msuguano wa bitana ya kawaida, yaani ile nyenzo ya kushika iliyo kwenye diski, ni kama 0.3. Diski ina nyuso mbili, moja inashika flaiwili (gurudumu zito la chuma nyuma ya injini) na nyingine presha pleti, basi unazidisha mara mbili. Jibu ni Nm 427. Kwa injini ya Nm 333 hapo una akiba ya asilimia 28, na ndivyo watengenezaji wanavyopenda. Kwa injini ya Nm 420 umebakiwa na Nm 7, na hizo ni kwa klachi mpya, safi, isiyo na joto. Ya kwako ina umri gani? Gari imetoka Japani kama mtumba, imekula foleni za Mwenge na Buguruni, na nina hakika hujawahi kuifungua.

Joto ndilo linalomaliza kazi. Msuguano wa bitana ukishuka kutoka 0.3 hadi 0.22 kwa sababu ya moto, klachi ileile ya Nm 427 inabaki na Nm 313. Haibebi tena hata injini ya kiwandani. Na moto huo si wa kubahatisha. Pale Kitonga injini ilikuwa imeizidi klachi kwa mizunguko 1500. Ikiwa klachi ilikuwa inabeba Nm 340, basi kilowati 53 zilikuwa zinageuka joto ndani ya kile kikasha kati ya injini na giaboksi. Hiyo ni sawa na birika 26 za umeme za kilowati mbili zote zikiwa zimewashwa. Sekunde tano za hali hiyo zinatosha kuivika bitana utando mgumu unaong'aa kama kioo, na kuanzia hapo inateleza kirahisi zaidi. Ndiyo maana sasa inateleza hata tambarare, wakati kabla ya mlima hukuona kitu.

Huenda unajiuliza kwa nini haikuteleza ulipokuwa ukichomoka kwa fujo na gia ya kwanza. Gia ya kwanza gari ni nyepesi kwa injini, mizunguko inapanda haraka na turbo haipati nafasi ya kujaa. Gia ya nne na ya tano, tena mlimani, injini inakaa palepale kwenye toki yake kubwa kwa sekunde nyingi huku gari ikigoma. Klachi inayochoka hujulikana gia za juu kwanza. (Na kukanyaga mafuta Kitonga ukiwa gia ya nne, sitauliza ulikuwa unalipita lori gani na kwenye kona ipi.)

Basi, nani mwenye kosa? Programu haikuivunja klachi, imemaliza akiba iliyokuwa imebaki. Lakini aliyekutunia alipaswa kuuliza umri wa klachi, kuijaribu kabla ya kuanza, na kukuambia kwamba kwa toki hiyo bajeti yako iwe na klachi ndani yake. Mimi nikiletewa gari ya turbo iongezwe nguvu, jambo la kwanza ni kuingia barabarani, gia ya tano, mwendo wa kilomita 60 kwa saa, nakanyaga hadi mwisho. Mshale wa mizunguko na wa mwendo ukipanda pamoja, tunaendelea. Mmoja ukimwacha mwenzake, tunazungumza habari ya klachi kwanza. Jaribio hilo linachukua dakika moja. Usilirudie sasa kwenye gari yako, jibu unalo tayari.

Kabla ya kununua chochote, kuna watuhumiwa wengine wa kuwaondoa kwenye orodha, maana klachi hata ikiwa mpya na nzito itateleza kama hawa wapo.

Wa kwanza ni oili. Niliwahi kuletewa Toyota Chaser yenye injini ya 1JZ ya turbo iliyobadilishwa klachi mara tatu kwa miezi minane, kila mara klachi "ngumu zaidi" ya ile iliyopita. Tulipoishusha giaboksi, sili ya nyuma ya krenki, ile shafti kuu ya injini, ilikuwa inatokwa oili kidogo tu, kama jasho. Kidogo hicho kilikuwa kinapanda kwenye diski. Kwenye injini za Subaru za familia ya EJ, kama yako, kuna sili hiyo, na pembeni yake kuna kifuniko cha kutenganisha oili; za zamani zilikuwa za plastiki na huvuja, siku hizi zipo za chuma. Tena ukipandisha busti, gesi inayopenya kwenye ringi kuingia chini ya injini inaongezeka. Vali ya kupumua ikiwa imeziba, presha hiyo inatafuta njia kwenye sili. Kwa hiyo tuning inaweza kuitelezesha klachi kwa njia ya pili ambayo wala haihusiani na toki. Ingia chini ya gari, tazama pale injini inapokutana na giaboksi. Kukiwa na unyevu, unuse: oili ya injini na ya giaboksi harufu zake ni tofauti, na ile ya giaboksi itakuambia sili ya shafti ya kuingilia ndiyo yenye shida.

Wa pili ni pedali. Klachi ya haidroliki inatakiwa ikuachie kabisa unapoondoa mguu. Fimbo ya masta silinda, ile pampu ya pedali, ikikazwa kupita kiasi, au paipu ya mpira ikivimba ndani ikawa inazuia mafuta kurudi, rilizi beringi, ile inayoiachisha klachi ukikanyaga pedali, inabaki imeshikilia springi kidogo na presha pleti haibani kwa nguvu zake zote. Bonyeza pedali kwa mkono: iwe na uhuru wa milimita chache kabla hujakuta ugumu. Na mguu wako wa kushoto uupumzishe sakafuni. Nimepanda na vijana wengi wa Subaru wanaendesha Morogoro Road nzima mguu umelala juu ya pedali, halafu wanalalamikia spea feki.

Hayo yakiwa sawa, tuje kwenye uamuzi wenyewe.

Kitu cha kwanza ningekifanya hakiko dukani. Rudi kwa aliyekutunia umwambie apunguze toki ya katikati. Busti ipande taratibu kati ya mizunguko 3000 na 4500, toki isizidi Nm 370 hivi, na juu kuanzia 5000 aiachie ipumue. Utabaki na farasi karibu zilezile, maana farasi za juu zinataka toki ndogo kama tulivyoona. Utakachopoteza ni ule mshtuko wa mgongo kugonga kiti, ambao najua ndio uliokufanya ulipe. Akikuambia haiwezekani, hajui kazi yake. Majedwali ya busti kwenye programu yanapangwa kwa kila kiwango cha mizunguko. Diski uliyonayo hata hivyo imeshaungua, itabadilishwa tu. Faida ni kwamba kwa Nm 370 huhitaji kwenda mbali sana na klachi ya kawaida.

Kitu cha pili ni klachi yenyewe. Kanuni ninayoitumia ni kwamba uwezo unaotangazwa uzidi toki ya injini kwa asilimia 20 hadi 30, usizidi hapo. Kwa Nm 370 tafuta klachi ya Nm 450 au 480. Ukibaki na Nm 420, tafuta ya Nm 500 hadi 550. Muuzaji akikuambia "hii ni stage mbili" au "stage tatu", mwambie akupe uwezo kwa Nm. Hizo stage hazina kipimo kinachokubalika na wote. Kila kiwanda kina zake, na stage mbili ya huyu inaweza kuwa dhaifu kuliko stage moja ya yule.

Kwa gari ya kila siku, chaguo langu ni presha pleti yenye springi nzito zaidi, pamoja na diski ya bitana ya kawaida, duara kamili, yenye springi kitovuni. Pedali itakuwa nzito kidogo, basi. Bitana ya kevla inadumu ikizoeshwa vizuri, ila inataka uvumilivu mrefu mwanzoni na ikipata oili au ikiungua mara moja hairudi. Ile ya vidonge ya fundi wako, yaani vipande vichache vya shaba au keramiki badala ya duara kamili, msuguano wake ni mkubwa, 0.4 na zaidi, na inavumilia moto. Kwa mashindano iko sawa. Kwa foleni ya Ubungo ni adhabu: inashika yote au haishiki kabisa. Kila ukitaka kusogea mita mbili gari inaruka kama chura, na mruko huo unapokelewa na giaboksi, shafti na mauntingi. Fundi wako hakudanganyi, haitateleza. Ila yeye hatakuwa ndani ya gari saa kumi na moja jioni.

Presha pleti nzito kupita kiasi ina deni jingine. Kila ukikanyaga pedali, sehemu ya nguvu hiyo inasukuma au kuvuta krenki kwa urefu wake, na inayozuia ni beringi moja nyembamba ya ubavuni. Kwenye injini za EJ beringi hiyo si ya kuchezea. Mwombe mtu akanyage na kuachia pedali huku wewe unatazama puli ya mbele. Ukiiona inaenda mbele na nyuma kwa macho, hela yako ya klachi iweke, injini inataka kufunguliwa. Na ukishafunga klachi nzito, asubuhi washa gari ikiwa huru bila kukanyaga pedali, kama swichi ya usalama inaruhusu, ili oili ifike kwanza.

Diski ya mtumba usinunue. Pale Gerezani, mtaa wa spea hapo Dar, utaonyeshwa klachi kamili iliyotolewa kwenye gari ya Japani, bitana nene, bei ya kuvutia. Unene unauona, uchovu wa springi ya presha pleti huuoni.

Nitakaa kidogo kwenye ufungaji, kwa sababu nusu ya klachi zinazokufa mapema zilikufa siku ya kufungwa. WRX nyingi za gia tano za umri huo klachi yake haisukumwi, inavutwa: beringi imejifungia kwenye vidole vya presha pleti. Fundi asiyejua ataanza kuitenganisha giaboksi na injini kwa mtaimbo, atavunja uma (mkono unaosogeza beringi) au kupinda vidole. Inabidi shafti ya uma itolewe kwanza kupitia tundu lililofunikwa kwa plagi ubavuni mwa nyumba ya klachi. Muulize fundi wako swali hilo kabla hujampa gari. Akishangaa, tafuta mwingine.

Flaiwili ikitoka, itakuwa na madoa ya bluu kwa moto ulioeleza. Ipelekwe kwenye mashine ya kukereza ilainishwe, isipigwe msasa kwa mkono barazani. Ikiwa na nyufa zinazoshika ukucha, nunua nyingine. Kama ni ya vipande viwili yenye springi ndani, kama zilivyo pikapu nyingi za dizeli, haikerezwi ovyo. Inapimwa mchezo wake, na ikizidi inabadilishwa nzima. Flaiwili nyepesi ya alumini achana nayo, utazimisha gari kila taa za barabarani. Presha pleti mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, yaoshwe kwa dawa ya kusafishia breki. Grisi kwenye meno ya shafti iwe ya kupaka na kufuta. Sili ya nyuma ya krenki na beringi ndogo ya katikati ya flaiwili zibadilishwe hata kama zinaonekana nzima, kwa sababu gharama kubwa ni kushusha giaboksi, na umeshashusha. Mwambie pia apitishe kidole kwenye ile bomba ambayo rilizi beringi inatelezea juu yake. Kwenye giaboksi hizi ni ya chuma laini na hulika. Ikiwa na ngazi, pedali itakuwa inakwama.

Halafu izoeshe. Kilomita 800 za mjini, za kubadili gia, bila busti kubwa. Safari moja ya Dar hadi Iringa haihesabiki, kwa kuwa ukiwa gia ya tano klachi haifanyi kazi yoyote ya kujisugua. Najua ni vigumu kuwa na gari ya farasi 280 na kuiendesha kama daladala kwa mwezi mzima. Hapa ndipo watu wengi huniangusha, wanarudi wiki ya pili na harufu ileile.

Jambo ambalo hukuuliza: giaboksi. Hadi sasa klachi yako ilikuwa inafanya kazi ya fyuzi. Nguvu ikizidi, inateleza, meno yanapona. Ukifunga klachi isiyoteleza, mshtuko unasonga mbele, na giaboksi ya gia tano ya WRX inajulikana kwa udhaifu wa meno, hasa gia ya tatu. Giaboksi ya gia sita ya WRX STI ni kitu kingine kabisa, ndiyo sababu watu wanaihamisha, ila inakuja na gharama za shafti, difu na mengine. Ukibaki na hii ya gia tano, usichomoke kwa kuachia klachi injini ikiwa 5000, na usipige gia ya tatu kwa hasira. Kwa sababu hiyo pia nasisitiza toki ishushwe hadi Nm 370. Klachi unaweza kuinunulia nguvu dukani, meno ya gia huwezi.

Kwa hiyo wiki hii fanya mambo mawili yasiyo na gharama: angalia unyevu chini na pima uhuru wa pedali. Gari usiiendeshe zaidi ya lazima, na ukiendesha usifike kwenye busti. Giaboksi ikishashushwa, nipigie picha ya diski, upande wa flaiwili na upande wa presha pleti. Ikiwa imeng'aa kama kioo nyuso zote mbili sawasawa, ni toki. Ikiwa nyeusi, ina utelezi, na upande mmoja umezidi mwingine, basi ni oili, na hapo hata mimi sitakuruhusu ufunge klachi mpya kabla hatujajua inatoka wapi.